Utuchungie Nyumba

Kila asubuhi viatu vya Badibanga vilikuwa vimelowa, na ilikuwa kiangazi. Blandine alivikuta pale pale alipoviacha jana yake, karibu na mlango wa jikoni: buti mbili nzito za ngozi, za kupandia milima, kamba zimefungwa vizuri, na ndani yake maji meusi yaliyofika kisiginoni. Maji yale yalinuka yai bovu. Aliyamwaga uani huku amegeuza uso, akapangusa ngozi kwa kitambaa, kisha kitambaa akakitupa, maana hakikufaa tena kwa kitu chochote. Mji wa machimbo wa Kolwezi haukuwa umeona tone la mvua tangu mwezi wa nne.

Mumewe, Numbi, alisema ni panya wanaokojoa mle. Panya wa kujaza buti angekuwa na kibofu cha ng'ombe, lakini Blandine hakubisha. Siku hizo alikuwa amezoea kutobisha.

Nyumba yenyewe haikuwa yao. Ilikuwa ya jirani yao Badibanga, mpima ardhi wa kampuni ya shaba, mtu wa mkoa wa Kasai kwa ukoo wa baba, ingawa alizaliwa hapa hapa Kolwezi na Kasai aliijua kwenye ramani tu. Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa 1993, machimbo yakiwa yamesimama na mishahara imegeuka hadithi, vijana walipita mtaa kwa mtaa wakiimba kwamba Wakasai ni bilulu, wadudu, na wadudu hutolewa nyumbani kwa ufagio. Numbi, karani wa stoo kwenye kampuni hiyo hiyo, aliimba pamoja nao. Baadaye alipenda kusema kwamba hakurusha jiwe hata moja, aliimba tu. Jioni ile Badibanga na mkewe Ndaya walitoka na godoro moja na masanduku mawili, kwenda kulala stesheni na maelfu ya wenzao wakingoja treni. Ndaya alikuwa ameimba bega kwa bega na Blandine katika kwaya ya parokia miaka tisa. Badibanga alimpa Blandine ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu anavyotoa kitu.

"Mama Blandine, utuchungie nyumba. Tutarudi."

Wiki moja baadaye Blandine na Numbi walikuwa wamehamia ndani, na kile kijumba chao cha zamani akakichukua Kalumba, rafiki wa Numbi tangu shule ya msingi, kiongozi wa vijana wa kizuizi cha barabarani. Mwonja asali haonji mara moja. Baada ya nyumba Numbi alichukua meza ya Badibanga ofisini, kisha cheo chake, kisha kiti chake cha kuegemea, kisha buti, ambazo zilimtosha kana kwamba fundi alipima mguu wake. Blandine naye asijifanye mtakatifu: alivaa kikwembe cha Ndaya, kile cha ndege wa buluu, akajiambia kwamba kitu kikikaa sandukuni huliwa na nondo.

Mwezi wa saba Numbi aliona hakijabaki kitu cha Badibanga ambacho hajakichukua, isipokuwa likizo yake.

Kila mwaka mwezi huo Badibanga na mkewe walikuwa wakienda kwenye ziwa la Nzilo, kwenye kisiwa kiitwacho Mayi ya Moto, kukizunguka kwa miguu siku tatu, bila kiongozi. Watu walicheka sana. Mtu wa Kolwezi akitembea siku tatu kwa miguu, ama gari limekufa ama amefukuzwa. Lakini kutembea kwa raha, begi mgongoni, hapo palikuwa na harufu ya ukubwa, na Numbi aliitamani harufu hiyo kuliko mshahara. Akalipata daftari la Badibanga kwenye saraka. Njia yote ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi wa mpima ardhi: fuata mawe yenye alama ya chokaa, hapa maji ya kunywa, hapa kibanda cha kulala, hapa usikanyage.

"Bazungu banatembeaka na miguu, na si sababu ya bumasikini," alimwambia mkewe. "Njo congé ile, likizo ya bakubwa. Na siye tutaenda."

"Na hii ya mwanzo umeisoma?" Blandine akamwonyesha ukurasa wa kwanza, mstari uliopigiwa wino mara mbili. *Ukishuka, weka unga mweupe kwenye jiwe la kwanza. Sema jina lako na jina la baba yako kwa sauti. Usidanganye.*

"Mambo ya bazee," akasema Numbi. Hata hivyo Blandine alifunga unga wa muhogo kwenye kitambaa, akautia begini.

Aliyewapeleka ni Abedi, mtu wa familia ya Kiislamu iliyotoka Kasongo zamani, mwenye lori la kubebea mkaa na mtumbwi wa mota. Njiani hakusema mengi. Aliwashusha kisiwani saa tatu asubuhi, lakini mwenyewe hakutia mguu nchi kavu.

"Siku ya tatu, saa sita, niko hapa," alisema. "Tata, viatu byako minabijua."

"Ni byangu," Numbi akajibu.

Kisiwa kilikuwa kilima kimoja cheusi kilichochomoza majini. Mawe yake yalikuwa mepesi, yamejaa matundu, ukilitupa jiwe ziwani linaelea kidogo kabla ya kuamua kuzama. Watu husema kilima kile kiliwahi kutapika moto zamani za zamani, kabla ya watu, na kwamba tumbo lake halijatulia bado. Kila mahali palikuwa na ile harufu ya yai bovu. Blandine aliitambua mara moja, akatia mkono begini kutafuta unga.

Kabla hajaufungua, mtu alitoka nyuma ya jiwe la kwanza. Alivaa koti la mlinzi la khaki lililolowa hadi kwenye kola, na ngozi ya mikono yake ilikuwa nyeupe na iliyokunjamana, ngozi ya mtu aliyefua nguo siku nzima. Mkononi alikuwa na ufunguo wa kibanda.

"Kitanda kiko tayari, chakula kiko tayari," alisema kwa upole. "Lakini ni bya Badibanga na bibi yake Ndaya. Kila mwaka ni beye tu. Mwingine shimujue. Njo weye Badibanga?"

Sasa fikiria. Huyu ni Numbi aliyeimba barabarani, mwaka ambao jina lilitosha kumpakia mtu kwenye behewa, mwaka ambao watu walitembea na vyeti vya ubatizo mfukoni kuthibitisha babu zao. Aliutazama ufunguo, akawaza kulala juu ya mawe, akawaza chakula cha bure.

"Njo miye," akasema. "Mi ni Badibanga. Na huyu ni bibi yangu, Ndaya."

Mlinzi akamgeukia Blandine, akangoja. Blandine alijua jina lake, na la baba yake alilijua, na unga ulikuwa mkononi. Akanyamaza. Alinyamaza kama alivyonyamaza mwezi wa tatu, na mlinzi akatabasamu, na kwenye ufizi wake palikuwa na matope.

Siku hiyo walitembea vizuri, ukweli usemwe. Alama za chokaa zilikuwa wazi, ziwa liling'aa chini yao, na Numbi alisimama kwenye kila mwinuko mikono kiunoni kama mwenye mali. Kibandani walikuta bukari ya moto, ugali wa muhogo, imefunikwa, na samaki kwenye mchuzi. Blandine aliinua kifuniko, akaona mchuzi unatembea. Funza weupe, wanene, walikuwa wakipanda juu ya jicho la samaki na kuteleza na kupanda tena.

"Usikule, Numbi. Angalia."

"Niangalie nini? Ni mafuta ya ngazi, mawese tu." Akamega tonge, akachovya, akala. Funza mmoja alibaki kwenye sharubu zake akijipinda, naye Numbi akamrudisha mdomoni kwa ulimi. Blandine alitoka akatapika nyuma ya kibanda mpaka tumbo likabaki na nyongo, na alipomaliza aliona kwamba alipotapikia, jiwe lilikuwa limeshakunywa kila kitu, pakavu kabisa.

Asubuhi ya pili Numbi alikuwa wa kwanza kuamka. Alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, mara mbili fupi, mara moja ndefu, na Blandine alisimama na sega mkononi, kwa sababu kikohozi hicho alikuwa amekisikia kupitia ukuta wa ua miaka tisa na hakikuwa cha Numbi. Walipoanza kutembea daftari lilibaki begini. Numbi hakulihitaji. Alikata kushoto kabla ya alama, akaruka mahali pasipokanyagwa bila kutazama, na kila hatua buti zilitoa sauti ya kunyonya, na kwenye matundu ya kamba ulitoka ute mweusi.

"Miguu yako iko naumia?" Blandine aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Ndaya. Twende tu."

"Umeniita nani?"

Numbi hakugeuka. Aliendelea kutembea, mgongo umeinama mbele kidogo, jinsi anavyotembea mtu aliyezoea kubeba vifaa vya kupimia.

Alasiri walifika kwenye chemchemi iliyokipa kisiwa jina lake, bwawa dogo la maji ya moto katikati ya mawe, yakichemka taratibu na kutoa mapovu ya kijivu yaliyopasuka kwa harufu mbaya, na ndani ya maji yale, ambayo yangeivisha nyama, alikuwa ameketi yule mlinzi mpaka shingoni, koti lake likielea kando yake tupu, na ngozi ya mabega yake ilikuwa imeachana na mwili na kuelea juu ya maji kama utando wa maziwa, naye akiikusanya kwa vidole, akiitafuna polepole, akimtazama Numbi kwa macho ya mwenye nyumba anayehesabu vyombo baada ya wageni.

"Badibanga, nyumba yako iko?"

"Iko," akasema Numbi.

"Ofisi, bureau yako?"

"Iko."

"Viatu?"

"Biko hapa."

"Jina?"

"Badibanga."

"Muzuri. Nilikuwa nakungoja. Na weye, mama? Weye ni Ndaya?"

Hapo Blandine alihisi kikwembe cha ndege wa buluu kinajikaza kiunoni, kibichi, cha uvuguvugu, na chini yake kitu kidogo kinatembea juu ya ngozi yake, kisha vitu viwili, kisha vingi, vikipanda kwenye mbavu bila haraka, na aliona wazi kwamba akinyamaza tena, akimeza mate tu kama alivyomeza mara zote, itakuwa imekwisha, atarudi Kolwezi mtu mwingine akiwa ndani ya ngozi yake, akilala kitandani mwake, na hakuna atakayeuliza. Alikirarua kikwembe, akakitupa majini, akamwaga unga wote juu ya jiwe, akasimama na gauni la ndani mbele ya lile lidudu bila kuona haya.

"Mi ni Blandine. Mutoto wa Mbayo, wa Kabongo. Kikwembe ni cha Ndaya, na nyumba ni yake. Niliikamata, na haiko yangu."

Kilichotembea juu ya ngozi yake kikaanguka. Walikuwa mende wadogo weupe, wakaingia kwenye matundu ya mawe.

"Basi weye rudia kwenu," alisema yule wa majini, bila hasira.

Blandine alipiga magoti akashika mguu wa mumewe, akafungua kamba. "Numbi, baba, toa viatu. Sema jina lako. Sema jina la baba yako, Ngoy." Buti ilivutika, na pamoja nayo ikaja soksi, na pamoja na soksi ikaja ngozi ya unyayo, nzima, laini, haina damu, na chini yake hapakuwa na nyama bali bilulu, waliojazana na kusukumana, wakijaribu kushika umbo la mguu. Numbi aliutazama mguu ule. Kisha akaurudisha ndani ya buti, akafunga kamba vizuri, mafundo mawili.

Jinsi Blandine alivyoishi mpaka saa sita ya siku ya tatu, hakuweza kueleza baadaye. Alitembea nyuma yake hatua ishirini, ameziba pua, mpaka mtumbwi.

Abedi alimtazama Numbi mara moja tu, akazima mota.

"Mama, aliambia nani jina ya uongo?"

"Mulinzi."

"Hapa hakuna mulinzi. Hakuna mutu anakaa hapa tangu maji ya barrage, bwawa ya umeme, ilipanda." Abedi alizungumza kwa kunong'ona, macho yameinama. "Ile ni jini. Ni ya kilima, iko hapa tangu mbele ya ziwa kuwako. Badibanga ilimuzoea, sababu alikuwa anaisalimia na jina yake ya kweli. Mwaka huu iliona anakawia, ikamutafuta. Bwana yako amejipeleka mwenyewe."

Safari hii akashuka, akawataka wakae mbali na maji. Akasoma aya alizozijua, akimnyunyizia Numbi maji ya chupa, na Numbi alitapika tope jeusi lenye magamba ya samaki, kikombe baada ya kikombe, hata Abedi mwenyewe akageuka pembeni na kutema mate. Kisha macho ya Numbi yakawa safi. Alikuwa yeye. Blandine aliliona hilo, akalia.

"Sasa, tata," Abedi akasema. "Inatii jina tu. Sema jina lako na ya baba yako. Useme nyumba haiko yako, viatu habiko byako. Mara moja tu inatosha."

Numbi alifungua mdomo. Alimtazama mkewe, akatazama buti, na Blandine akaona jambo lililomchukiza kuliko funza, kuliko ngozi ile juu ya maji. Mumewe alikuwa anapiga hesabu.

"Nikisema nyumba haiko yangu," Numbi akasema polepole, "tutalala wapi?"

"Tutalala inje. Numbi, sema."

"Nyumba ya vyumba vitatu, Blandine." Akafunga mdomo. Alipoufungua tena kilitoka kikohozi, mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Ndani ya mtumbwi na ndani ya lori alikohoa tu. Blandine alijipa moyo kwamba mji utamrudisha: ataona barabara, ataona watu wake. Kwenye kizuizi cha kuingia Kolwezi vijana walisimamisha lori, na aliyekuja dirishani alikuwa Kalumba. Blandine alishukuru Mungu kwa sauti.

"Mama Blandine," Kalumba akasema, "unatoka wapi na huyu? Si tulimufukuza mu mwezi wa tatu?"

"Kalumba, ni Numbi huyu. Umuangalie muzuri."

"Numbi minamujua tangu masomo." Kalumba alikunja uso, akaweka mkono puani. "Huyu ni Badibanga, na ananuka. Na bwana yako? Umemuacha wapi?"

Blandine aligeuka. Kwake yeye alikuwa Numbi yule yule, kovu la kidevu, sikio lililochanika akiwa mtoto. Alimshika bega, akamwambia jina lake sikioni, akamwambia la baba yake, la babu yake. Numbi alimtazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama jirani mwema aliyepatwa na msiba, kisha akainamisha kichwa kwa Kalumba.

"Moyo wenu," akasalimu, kwa Kiluba cha Kasai, lugha ambayo Numbi hakuwahi kujua neno lake lolote zaidi ya matusi.

Wakamshusha. Abedi alitaka kusema, bunduki ikamnyamazisha. Treni ilikuwa inaondoka jioni hiyo, na vijana walikuwa na haraka ya kuijaza. Kabla hawajamsukuma, Numbi aliomba ruhusa, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo na kumpa Blandine kwa mikono miwili.

"Mama Blandine, utuchungie nyumba. Tutarudi."

Akaondoka na wengine kuelekea stesheni, mgongo umeinama mbele kidogo. Kwenye vumbi la kiangazi nyayo zake zilibaki zimelowa, na nzi walikuwa wameshazizonga.

Blandine hakuwa na nyumba nyingine. Kijumba chao kilikuwa cha Kalumba, na Kalumba hakuwa mtu wa kurudisha kitu. Kwa hiyo alikaa kwa Badibanga. Alilala jikoni chini kwenye mkeka, akafua mapazia, akarudisha kila kitu mahali pake, akamwandikia Ndaya barua tatu kupitia mapadri, na hakupata jibu. Kila jioni, jua linapozama, harufu ya yai bovu hutoka chumbani, kikohozi kikavu husikika nyuma ya mlango, na sauti ya mume mpole huita.

"Ndaya?"

Naye hujibu kutoka jikoni, kwa sauti ya kwaya, kila neno mahali pake: "Mi ni Blandine. Mutoto wa Mbayo, wa Kabongo." Nyumba hunyamaza mpaka kesho yake. Hajakosa jioni hata moja. Anajua kitakachotoka siku atakayokaa kimya, na anajua kitamkuta mlangoni, kimevaa buti.

Mvua za kwanza za mwezi wa kumi zilileta mafua mjini, kama kila mwaka. Jumatatu moja Blandine aliamka na koo linawaka, akafungua mdomo kusalimu jirani juu ya ukuta, na sauti haikutoka.